Hatukuwa na Cha Kupunguza

Nikiwaambia watu hapa Lodwar kwamba kazi yangu Kakuma ilikuwa kufua blanketi, wanacheka. Nani alale na blanketi Kakuma? Sisi tulilala nje juu ya mkeka, na upepo ukipita tunamshukuru Mungu. Lakini nilizifua, tena zile nzito za manyoya, mwaka wa 2012 wote na karibu 2013 wote, na mikono yangu bado inakumbuka uzito wake zikiwa zimelowa.

Zilikuwa za kompaundi ya wageni, ile yenye ukuta mweupe kando ya barabara ya kwenda kambi ya wakimbizi. Ndani kulikuwa na vyumba vya watu wa ofisi na miradi, kila chumba na mashine yake ya baridi, na nyuma kulikuwa na jenereta iliyonguruma mpaka ukiizoea unaona ni kama kimya tu. Mgeni akifika alikuwa anafungulia baridi mpaka mwisho, halafu anatafuta blanketi ajifunike. Mimi nikiingia kutandika, mwenyewe ameshaondoka na mashine bado inapuliza, kwa sababu anataka akirudi akute chumba kiko tayari. Sitasema sikupenda. Nilikuwa nasimama pale katikati na shuka mkononi, nafunga macho, naombea watoto sala moja fupi, halafu natoka kwa jua. Sala za ile baridi niliona kama zinapanda haraka.

Tulikuwa tumekuja Kakuma kutoka upande wa Nakalale, baada ya ukame kumaliza mbuzi. Mume wangu alienda Lodwar kutafuta kazi ya mjengo, na mimi nikabaki na watoto kwa manyatta nyuma ya soko. Mchana nilifua. Jioni nilisoma, na hiyo ya kusoma ndiyo nataka kueleza hapa.

Nikiwa msichana sikukanyaga shule. Nilianza ngumbaru nikiwa mama tayari, kwa sababu moja: nilikuwa nimechoka kusomewa. Kanisani mhubiri alikuwa anasoma mstari mmoja halafu anaongea mpaka watoto wanalala, na mimi nilitaka kuona kwa macho yangu kama hayo mengine pia yameandikwa. Nikaanza na a, e, i, nikiwa nanyonyesha. Miaka ikapita, nikawa nasoma Zaburi pole pole na kidole. Halafu mwaka huo wa 2012 mwalimu wetu akasema sisi wachache wa mbele tunaweza kujiandikisha kwa mtihani wa darasa la nane, tuufanye mwaka unaofuata. Siku hiyo niliweka nadhiri. Nilimwambia Mungu hicho cheti nitakishika kabla sijawa nyanya.

Mwalimu alikuwa Mluhya, mfanyakazi wa serikali, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Shida yake ilikuwa kwamba alipewa darasa kwa shule ya msingi, na hilo darasa halikuwa na stima, na sisi wamama tulikuwa tunapata nafasi giza likiingia tu. Jioni moja akabeba ubao kichwani, akapita nao katikati ya soko watu wakimshangaa, akauegemeza kwa ukuta wa kompaundi. Juu ya ule ukuta kulikuwa na taa kubwa za kumulika barabara, ili askari waone mtu akija. Mwanga wake ulianguka kwa mchanga, mviringo mpana kama boma. Hapo ndipo palikuwa darasa letu.

Nikifunga macho naliona. Tulikalia mikebe ya mafuta ya msaada, jerikeni zilizokatwa, mawe. Ukuta ulikuwa umeshika joto la mchana kutwa, na ukiegemea, maumivu ya kufua yanatoka kwa mgongo moja baada ya lingine. Mvua kidogo ikinyesha, wadudu wenye mabawa wanajaa kwa mwanga, wanaanguka kwa madaftari, unaandika ukiwapuliza. Siku moja nge alipita chini ya ubao na mwalimu akaruka juu ya mkebe wake.

"Mwalimu, panda juu zaidi," jirani yangu akamwambia. "Hiyo ya huku inaruka."

"Inaruka?"

"Inaruka. Tena inapenda watu wa kutoka kwenu kwa mvua."

Alikaa juu ya mkebe akifundisha hesabu mpaka tukashindwa kujizuia.

Huyo jirani alikuwa mama wa mapacha. Alikuwa anachoma makaa ya mathenge, ule mti wa miiba uliojaa kwetu, na kuyauza kambini, na kila ukurasa wa daftari lake ulikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba, hata angenawa mara ngapi. Mdomo wake haukuwa na mlango. Nilimpenda na nilimwogopa. Na kulikuwa na bibi mmoja mzee, mwenye shanga mpaka kwa kidevu, ambaye alikuja ngumbaru kujifunza kuhesabu noti asidanganywe, akajua, lakini akaendelea kuja. Alisema pale kwa taa kuna habari kuliko kwa chifu.

Mwaka huo habari zilikuwa nyingi. Redio ilisema mafuta yamepatikana chini ya ardhi ya Turkana. Watu walicheza. Kompaundi ikajaa wageni, wakaongeza vyumba na jenereta ya pili, na mimi nikaongezewa blanketi. Ndipo jioni moja somo likawa la sayansi, somo la hewa. Mwalimu akaeleza kwamba chochote kikichomwa, iwe makaa, iwe mafuta ya gari ama ya ndege, kinatoa hewa ya ukaa, na hiyo hewa imejaa huko juu mpaka inashika joto isitoke, kama blanketi.

Wote wakageuka wakaniangalia.

"Kumbe ni wewe unaifua," mama wa mapacha akasema.

Tulipomaliza kucheka, bibi mzee akauliza, kwa Kiturkana, nasi tukamtafsiria mwalimu: "Nani amewasha moto mwingi hivyo?"

"Ni nchi za mbali zenye pesa, bibi. Wana viwanda, wana magari, wanapanda ndege kama mimi ninavyopanda bodaboda. Hata hapa kwetu, mwenye pesa anachoma kuliko asiye nayo."

"Na ni hiyo inakausha mvua?"

"Wanasema inaivuruga. Inakosa, halafu inakuja yote kwa siku moja."

Bibi alifikiri. Alikuwa amepoteza mifugo yote isipokuwa punda. "Sasa huo ukame," akasema, "nani aliuonyesha njia ya kwangu? Mimi sina hata kiwanda."

Mwalimu alifuta ubao, na hakukuwa na kitu kimeandikwa. Halafu akasema kwamba hata hayo mafuta yetu tunayoshangilia, yakichimbwa yatachomwa, na hewa itakuwa ile ile. Hiyo hatukuipenda. Mama wa mapacha alimwambia atuache kwanza tuonje.

Sasa, mwanzoni mwa 2013, wakati kila ukuta ulikuwa na picha za watu wa kura, tulifika jioni tukakuta giza. Jenereta ilikuwa inanguruma kama kawaida. Ndani ya kompaundi kulikuwa na mwanga. Lakini zile taa kubwa zilikuwa zimeshushwa, na badala yake wameweka taa ndogo nyeupe zinazotazama ndani peke yake. Ukuta wenyewe ulikuwa umetupa kivuli upande wetu, na sisi tulikuwa tumesimama ndani ya hicho kivuli na mikebe yetu.

Mwalimu akajaribu tochi ya simu mpaka ikazima. Tukajaribu mwezi, na mwezi ukisoma nao kidogo kichwa kinauma. Watu wakaanza kukosa. Mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka, na mimi nilikuwa bado sijaelewa sehemu za hesabu, zile za kugawanya juu na chini. Bila hiyo saa ya jioni sikuwa na saa nyingine.

Bibi mzee ndiye alisema twende tuombe. Na akasema tuombe kwa njia yake.

Yeye alikuwa na ekwar kando ya mto Tarach. Ekwar ni ile sehemu ya miti ya mtoni ambayo ni ya familia moja, tangu babu zao. Maganda yake ni chakula cha mbuzi wao wakati wa kiangazi, na mtu mwingine hawezi kukata tawi bila kuomba. Lakini iko na upande wa pili. Kama umemruhusu mtu alishe mbuzi wake chini ya mti wako kiangazi baada ya kiangazi, huwezi kuamka siku moja ukaukata bila kumwambia. Na yeye akitaka kuomba, anakuletea tumbaku.

Kwa hivyo tulienda kwa meneja na tumbaku. Tulikuwa bibi mzee, mama wa mapacha na mimi, na mimi nilikuwa na hofu kwa sababu ilikuwa kazi yangu hiyo. Meneja alikuwa kijana wa Nairobi, mpole, wa kusalimia hadi wafagiaji. Alikuwa amejifunza salamu yetu, "ejok", na aliisema na kila mtu, hata na wageni wazungu. Bibi akamwekea ile tumbaku mezani, imefungwa kwa kitambaa.

"Mama, asante," akasema, "lakini hapa haturuhusu kuvuta." Akatuonyesha karatasi iliyobandikwa kwa mlango.

Mama wa mapacha akamwambia, "Haivutwi. Inatafunwa. Tafuna kidogo, ndio aongee."

Akatafuna. Namheshimu mpaka leo kwa hiyo. Macho yalijaa machozi, akasikiliza hivyo hivyo, akishika mdomo, bibi akieleza mambo ya mti, na kivuli, na mtu aliyezoea kulisha hapo. Bibi alipomaliza, meneja alitoka nje akatema, akarudi akanywa maji.

"Mama, nimeelewa. Kweli nimeelewa. Lakini mimi pia nimeambiwa. Ofisi kubwa inataka kila kompaundi ionyeshe imepunguza moshi wa jenereta, kwa sababu ya hali ya hewa. Tukaangalia tupunguze wapi. Tukaona taa za nje."

"Na mashine za baridi?" mama wa mapacha akauliza.

"Hizo haziwezi. Mgeni hatalala."

"Huyu mwenzetu ndiye anafua blanketi zao."

Nilitamani sakafu inimeze. Meneja akaniangalia, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Najua," akasema. "Mimi mwenyewe nalala nayo."

Hakutufukuza. Alisema kuna mradi wa taa za jua, na wafadhili wake ni wale wale wa ofisi yake. Ataomba waje upande wetu kabla ya mahali pengine. Taa ndogo, unaanika mchana kama nguo, usiku inawaka. Bibi aliona ameshinda kesi. Tulirudi tukiimba wimbo wa kanisani, na mimi njiani nilikuwa naona ile taa iko juu ya meza yangu, na meza nilikuwa sina.

Siku waliyokuja wale wa taa za jua ilikuwa Jumamosi, na sikuwa kazini. Walianza upande wa pili wa soko. Mama wa mapacha, ambaye habari zilimfikia kabla ya mwenye habari, akaja mbio na makaa bado kwa nywele. Akatuita nyuma ya boma lake.

"Sikilizeni. Wanauliza usiku unatumia nini. Ukisema koroboi, unaandikwa. Ukisema hutumii kitu, wanakuaga vizuri na kwenda."

"Kwani kuna mtu hapa ana koroboi?" mmoja akauliza.

Hakukuwa. Mafuta taa ni ya kununua, na sisi tulichokuwa tunanunua ni unga. Mama wa mapacha alikuwa tayari amefikiria. Alitoa chini ya lesso koroboi ya mkebe, nyeusi, inanuka, ya kuazima kwa Msomali wa duka kambini. Mpango ulikuwa rahisi. Wageni wakiwa kwa boma hili, koroboi iko hapo imesimama. Wakitoka kunywa maji kwa gari, inapita nyuma ya ua chini ya lesso inaenda boma linalofuata.

Nilisema mimi nitapita.

"Utapita nini?"

"Sitaiweka kwangu. Sina koroboi."

"Sisi wote hatuna. Ndio maana tumeazima."

"Nimekuelewa. Lakini akiniuliza nitamwambia."

Alinitazama kama mtu anayemtazama punda aliyelala barabarani. "Utamwambia juu ya yako ama juu ya yetu?"

"Ya kwangu tu. Yenu mna midomo."

Waliogopa, niliona. Na mimi niliogopa zaidi, kwa sababu nilikuwa najua ninachotaka. Hakuna mtu pale alitaka ile taa kuliko mimi.

Gari lilisimama mbele ya boma langu na injini haikuzimwa. Dereva alibaki ndani na vioo vimefungwa. Aliyeshuka alikuwa msichana wa Nairobi, mwenye kofia kubwa, na vumbi kwa kope. Alinisalimia vizuri, "Ejok, mama," nikamwitikia. Nilimpa mkebe akalie. Jasho lilikuwa linamtiririka nikamwonea huruma.

"Mama, usiku nyumba yako inatumia taa gani?"

"Hatutumii."

"Sasa mkitaka kuona?"

"Kukiwa na mwezi, mwezi. Moto wa kupika ukiwa bado, tunaona nao. Tukimaliza kula tunaomba, tunalala."

"Hata koroboi? Hata ya zamani?"

Nyuma ya ua nilisikia mama wa mapacha anakohoa. Alikuwa pale, na ile kitu kwa lesso, karibu hata mkono ungefika.

"Sina, mwanangu."

Alishusha kalamu. "Wacha nikueleze, mama. Hizi taa si zawadi hivi hivi. Zinatolewa ili zipunguze moshi wa mafuta taa. Huo moshi ukipungua unahesabiwa, na kuna ofisi huko zinazolipia. Sasa kama wewe huchomi mafuta, mimi nitaandika nimepunguza nini? Huna cha kupunguza."

"Kwa hivyo ningekuwa nachafua hewa ningepewa taa."

"Si hivyo." Akafuta jasho. "Ni hivyo, mama."

"Na moshi wa jikoni? Huo ninao."

"Huo ni wa mradi mwingine. Sisi ni wa taa."

Nikamweleza juu ya darasa. Nikamwambia tulikuwa tunasoma kwa mwanga wenu, kwa ukuta, na mkaugeuza. Nikamwambia juu ya mtihani. Alisikiliza yote na nilijua amesikia, kwa sababu alianza kuongea pole pole na kuangalia kule gari liko.

"Naweza kuandika koroboi tu," akasema. "Nani atajua?"

Watu wanafikiri mtu wa dini haumii wakati kama huo, kwamba amri iko pale kama jiwe na wewe unakaa juu yake. Niliumia. Nilifikiri Mungu si anajua shida yangu, na pengine huyu msichana ametumwa. Nikafikiri pia, nimeingia ngumbaru nione kama linalosemwa ndilo limeandikwa. Sasa mimi mwenyewe niandikwe kitu ambacho hakipo?

"Usiandike," nikasema.

Akafunga karatasi zake. Alipoinuka aliniuliza kama majirani wangu wana koroboi. Nikamwambia aende awaulize. Alipitia maboma yote ya mstari wetu, na kila boma akakuta koroboi, na sijui kama hakuona ni moja ama aliona akachoka.

Jioni mama wa mapacha alipita mbele yangu na ndoo. "Mtakatifu," akaniita. "Mtakatifu wa Kakuma, tukutengenezee sanamu ama utangoja ufe?"

Nililia kidogo, watoto wakidhani ni moshi.

Taa zilikuja baada ya miezi kadhaa, na zikagawiwa ndani ya kompaundi, na hema na soda. Mimi siku hiyo nilikuwa nyuma naanika blanketi na nilisikia yote. Mgeni mmoja alisimama akasema, meneja akitafsiri, kwamba akina mama hawa wamepunguza moshi, na kwa ajili yao kompaundi hii sasa inahesabiwa kama haichafui tena hewa. Watu wakapiga makofi. Jenereta zote mbili zilikuwa zinanguruma, ilibidi meneja apaze sauti. Picha zilipigwa, wamama wameinua taa juu.

Mama wa mapacha alikuja akanitafuta pale kwa kamba. "Umesikia? Koroboi moja ya Msomali imefunika mashine zote za baridi. Tumewauzia moshi ambao hatujawahi kuchoma." Alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Halafu akaniangalia na akaacha. "Na wewe peke yako ambaye hukuuza, huna taa."

Tulidhani darasa sasa litarudi na mwanga wake. Halikurudi. Zile taa zilikuwa na waya wa kuchaji simu, na jioni ni wakati wa simu za wanaume. Nyingine ilienda na wachunga mbuzi Lokitaung. Nyingine iliuzwa kambini kabla ya mwezi kuisha. Na hata aliyebaki na yake, alikuwa na taa nyumbani, angetoka kwenda kukaa na wengine nje kufanya nini? Zamani tulikuwa tunafuata mwanga mmoja kwa sababu ulikuwa mmoja. Nilikuwa nikipita pale kwa ukuta nikitoka kazini naona mikebe yetu bado imepangwa, mchanga unaifunika kidogo kidogo. Mwalimu akasema wakubwa wake wanataka kulifunga darasa, hakuna watu.

Jioni moja nilikuwa nimekaa nje na kitabu cha hesabu, mwanga wa mwisho unaisha, naona tu rangi ya karatasi. Mama wa mapacha akaja na taa yake, akaiweka chini katikati yetu, akakaa.

"Fungua ukurasa," akasema.

Nikakibana kitabu kifuani.

"Ama hii taa ni dhambi, huwezi kusoma nayo? Niirudishe?"

"Sijasema."

"Mdomo ulidanganya, mimi najua. Lakini mwanga haujadanganya mtu. Fungua, hizi sehemu pia mimi sizielewi."

Nilifungua. Kesho yake alikuja tena. Bibi mzee akasikia, akaja na ngozi yake ya kukalia. Mwalimu akatuhurumia, akawa anapita kwangu akitoka kazini, na nikampa mkebe na nikamwambia hakuna nge. Tulikuwa wachache, na taa ilikuwa ndogo mpaka vichwa vyetu vinagusana juu ya kitabu, na yeye mama wa mapacha alikuwa ananuka makaa na mimi nanuka sabuni. Mara nyingi tuliacha hesabu tukasoma Zaburi, kila mtu mstari wake. Nimesali makanisa mengi baada ya hapo, mengine na vipaza sauti. Sijaona kanisa kama lile.

Kulikuwa na jioni nilimuuliza mama wa mapacha kama ilimsumbua, ile koroboi.

"Wewe niambie," akasema. "Sisi wote tungesema ukweli kama wewe, leo ungesoma na nini?"

Nimefikiria hilo swali miaka hii yote. Kama ningeulizwa tena na msichana yule ningesema lile lile, hiyo najua. Lakini jibu la mama wa mapacha sina.

Tulifanya mtihani mwisho wa mwaka, kwa madawati ya watoto, magoti yamebanwa, mchana, jua linaingia kwa madirisha bila mtu kulilipia. Tulipita wote wawili. Yeye alinishinda kwa insha na akasema ni kwa sababu amezoea kutunga. Mimi nilimshinda kwa zile sehemu.

Mume wangu alikuwa amepata kazi ya kudumu Lodwar, kwa vile kaunti ilikuwa imeanza na majengo yalikuwa yanapanda kila kona, akatuita. Siku ya kuondoka mama wa mapacha alinisindikiza mpaka stendi, na mtungi wa maziwa wa kuwapa watoto njiani. Hatukuwa watu wa kukumbatiana. Alipanga mizigo yangu, akagombana na makanga kwa niaba yangu, halafu akasimama.

"Utaniombea huko," akasema.

"Kila siku."

"Lakini usiombe nisamehewe ile taa. Omba isiharibike, bado mapacha hawajasoma."

Nikaomba yote mawili, na bado naomba.